Namba Zinakozaliwa: Mwanafunzi wa Uchumi na Fedha Aendapo Kazini

Shahada ya uchumi na fedha hukutanisha elimu mbili ambazo ni jirani wa ukuta mmoja lakini zenye maswali tofauti. Uchumi huuliza jinsi jamii inavyogawana kilicho haba, nani apate nini na kwa kuacha nini, na kwa nini bei, ajira na uzalishaji hupanda mwaka mmoja na kuporomoka mwaka mwingine. Fedha, kwa maana ya taaluma na si noti zilizo mfukoni, huuliza jinsi thamani inavyovuka kutoka leo kwenda kesho, yaani mtu anapotoa shilingi sasa kwa ahadi ya kurudishiwa zaidi baadaye, ahadi hiyo ina thamani gani, na ikivunjika hasara itamwangukia nani. Mwanafunzi anayesoma zote mbili hutarajiwa kuisoma taarifa ya Benki Kuu na mizania ya kampuni kwa pamoja, akijua kwamba riba inayopangwa leo katika ukumbi wa mikutano ndiyo itakayoamua, baada ya miezi kadhaa, kama mwenye duka la vifaa vya ujenzi ataongeza shehena au atasubiri.

Nchini Tanzania mchanganyiko huu hufundishwa, kwa majina yanayotofautiana kidogo kutoka chuo kimoja hadi kingine, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007, Chuo Kikuu Mzumbe mkoani Morogoro, na Chuo cha Usimamizi wa Fedha, kinachojulikana zaidi kwa kifupi chake cha IFM, ambacho kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1972 na majengo yake yamo katika Mtaa wa Shaaban Robert jijini Dar es Salaam. Shahada huchukua miaka 3, na katika likizo ndefu inayofuata mitihani ya mwisho wa mwaka wanafunzi hupelekwa kwenye benki, halmashauri, vyama vya ushirika, kampuni na idara za serikali kwa muda ambao mara nyingi ni wiki 8 au unaokaribia hapo. Jina rasmi la kipindi hicho ni mafunzo kwa vitendo; wanafunzi wenyewe husema wanakwenda fildi, na wenzao wa Kenya wanakwenda atachimenti. Haifai kukichanganya na mafunzo tarajali, ambayo ni ya mhitimu aliyekwisha kutunukiwa shahada na anatafuta uzoefu wa kwanza wa kazi, wala na uanagenzi, ambao ni njia ya kujifunza ufundi mikononi mwa mwajiri tangu mwanzo hadi mwisho.

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu faida ya kipindi hicho ni kwamba nadharia ya darasani hupata mahali pa kutumika. Maelezo hayo si ya uongo, ila yanaficha jambo kubwa zaidi, kwa sababu mwanafunzi wa mwaka wa pili kwa kweli hupata nafasi chache mno za kutumia nadharia ofisini: hakuna meneja wa tawi anayemsubiri aje akokotoe mlinganyo wa mahitaji ya fedha. Anachokipata, iwapo amepangiwa mahali pazuri na amefungua macho, ni kuona namba zinazaliwa wapi, na nani, kwa haraka gani na kwa makadirio gani. Na kwa mtu ambaye maisha yake yote ya kazi yatakuwa ya kuziamini au kutoziamini namba za wengine, hakuna somo lenye uzito kuliko hilo.

Darasani namba hufika zimekwisha kuoshwa. Katika ekonometriki, tawi linalotumia takwimu kupima uhusiano uliotabiriwa na nadharia, kwa mfano mafuta yakipanda kwa kiasi fulani nauli hupanda kwa kiasi gani, mwanafunzi hukabidhiwa jedwali lililokamilika, lenye safumlalo za miaka na safuwima za vigezo, akaliingiza katika programu ya kompyuta na kutoa jibu lenye tarakimu nne baada ya nukta. Tarakimu hizo nne humfundisha umakini, na wakati huohuo humfundisha uongo mdogo, kwamba kilichokokotolewa kwa makini lazima kiwe kilipimwa kwa makini.

Mfumuko wa bei unaonyesha jambo hili vizuri. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutangaza kila mwezi Fahirisi ya Bei za Mlaji, ambayo ni kipimo kinacholinganisha gharama ya kapu moja la bidhaa na huduma kati ya kipindi kimoja na kingine. Kapu hilo limekuwa likilinganishwa na bei za mwaka 2020, zinazohesabiwa kuwa 100, na uzito wa kila kitu kilichomo umetokana na utafiti wa matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18. Katika kitabu cha kiada maelezo huishia hapo. Sokoni ndipo yanapoanza, kwa sababu nyanya haziuzwi kwa kilo bali kwa fungu, maharage na karanga hupimwa kwa kisado, mahindi kwa debe, na viazi husafirishwa kwa lumbesa, yaani gunia lililoongezewa kilemba mpaka likapita kipimo halali. Muuzaji wa nyanya anajua kwamba mteja akiambiwa fungu limepanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 atahamia meza ya pili, kwa hiyo hapandishi bei. Anaondoa nyanya moja. Bei inayotajwa itabaki 1,000 kwa miezi mitatu mfululizo huku mlaji akizidi kupata kidogo, na mkusanyaji wa bei asiyebeba mizani ataripoti kwamba nyanya hazijapanda. Mwanafunzi aliyewahi kusimama kati ya meza hizo, akalipima fungu lilelile leo na mwezi ujao, huwa ameuona mfumuko wa bei kwa namna ambayo hakuna jedwali lingemwonyesha, kwa kuwa jedwali huanza pale mizani inapomaliza kazi yake.

Na nyanya hiyo iliyoondolewa husafiri mbali. Tangu Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania huongoza sera yake kwa riba badala ya kulenga kiasi cha fedha kilichomo katika mzunguko, na kamati yake hukutana kila robo mwaka kupanga Riba ya Benki Kuu, ambayo ilianza kwa asilimia 5.5 na kupandishwa hadi asilimia 6 Aprili ya mwaka huohuo, lengo likiwa kuuweka mfumuko wa bei kati ya asilimia 3 na 5. Ndani ya uwazi mwembamba kama huo, kosa la upimaji likirudiwa katika masoko mengi na vyakula vingi halibaki kuwa kosa la sokoni. Huingia katika hoja ya watu wanaoamua mkopo uwe ghali au rahisi kwa nchi nzima.

Hata hivyo, wanafunzi wengi wa uchumi na fedha hawaishii kwenye takwimu bali kwenye mikopo, na hapo somo la asili ya namba huwa zito kuliko mahali pengine popote. Nadharia wanayokwenda nayo ni nzuri. Mwaka 1970 mchumi George Akerlof alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, akionyesha kwamba muuzaji anapoijua hali ya gari kuliko mnunuzi, mnunuzi hukataa kulipa bei ya gari zima, wenye magari mazima huondoka sokoni, na soko hubaki na yale mabovu; hali hiyo huitwa taarifa zisizolingana, na kwa kazi hiyo Akerlof, pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz waliolitazama tatizo hilohilo kutoka pande nyingine, walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001. Mkopo ni soko la namna hiyo hasa, kwa maana mkopaji anaijua nia yake na biashara yake kuliko mkopeshaji atakavyoijua, na kila karatasi inayodaiwa benki, kuanzia barua ya serikali ya mtaa hadi wadhamini wawili na hati ya kiwanja, ni jaribio la kuupunguza upungufu huo wa kujua.

Ichukuliwe kwamba mwombaji ni mama lishe mwenye kibanda karibu na kituo cha daladala, anayetaka shilingi 1,200,000 kwa muda wa miezi 12. Hana daftari la hesabu, na kutokuwa nalo si uzembe, kwa kuwa fedha yake huzunguka ndani ya saa 24, kutoka sokoni alfajiri hadi sahani za jioni, na akili yake imemtosha kuifuatilia. Afisa mikopo anayekwenda kumtembelea, mwanafunzi wa fildi akimfuata nyuma na kalamu, hawezi kumuuliza faida yake ni kiasi gani, kwa sababu swali hilo halina jibu kichwani mwa anayeulizwa. Humuuliza anapika kilo ngapi za mchele, kilo moja hutoa sahani ngapi, gunia la mkaa humchukua siku ngapi, msaidizi hulipwa kwa siku au kwa wiki, na siku ya mvua hurudi nyumbani na chakula kiasi gani. Kutokana na majibu hayo huandikwa taarifa ya mapato na matumizi ambayo haikuwapo duniani saa moja kabla: sahani 60 kwa shilingi 2,500 ni 150,000 kwa siku, vyakula, mkaa, maji, ushuru na ujira wa msaidizi ni 118,000, kinachobaki ni 32,000, na kwa siku 26 za kazi katika mwezi ni 832,000.

Namba hiyo ina sura ya ukweli, na kwa kiasi fulani ni ya kweli. Lakini watoto wa mama huyo hula kutoka sufuria ileile inayouzwa, mchango wa kikoba hutoka kila wiki, na huenda sehemu ya zile sahani 60 huliwa na mafundi wanaoandikiwa deni mpaka Jumamosi, baadhi yao wakahama saiti kabla ya Jumamosi kufika. Afisa mzoefu huikata namba hiyo bila kanuni yoyote iliyoandikwa kitabuni, pengine hadi nusu yake, kisha huuliza kama rejesho la kila mwezi linaweza kutoka humo bila kuua mtaji. Mwanafunzi anayetazama kazi hiyo kwa makini huona kwamba mkopo utakaoingizwa kwenye mfumo wa kompyuta jioni, ukajumlishwa na maelfu ya mingine mpaka ukawa tone katika takwimu ya taifa ya mikopo kwa sekta binafsi, ulisimama juu ya mazungumzo ya dakika 40 chini ya turubai. Kugundua hivyo hakumfanyi azidharau takwimu za mikopo. Humfanya ajue zikitikisika zinatikisikia wapi.

Upande wa pili wa meza kuna namba nyingine inayostahili kuulizwa asili yake, nayo ni riba. Mkopeshaji akisema anatoza asilimia 3 kwa mwezi, kauli hiyo inaweza kubeba mambo mawili yasiyofanana hata kidogo. Kwa njia ya riba isiyopungua, asilimia 3 ya mkopo wote, yaani shilingi 36,000, hutozwa kila mwezi hadi mwisho, kwa hiyo riba ya mwaka ni 432,000, deni zima ni 1,632,000, na rejesho ni 136,000 kwa mwezi. Lakini mama lishe hakai na zile 1,200,000 mwaka mzima. Kila rejesho hurudisha sehemu ya mtaji, na ifikapo mwezi wa saba anatozwa riba kwa fedha ambayo nusu yake alikwisha kuirudisha. Riba ileile ya asilimia 3 ikitozwa kwa deni lililobaki tu, rejesho huwa kama 120,550 na riba ya mwaka mzima hukaribia 246,700. Ukiligeuza jambo hilo, riba isiyopungua ya asilimia 3 ni sawa na kutoza zaidi ya asilimia 5 kila mwezi kwa deni lililobaki. Hesabu hii hufundishwa chini ya mada ya thamani ya fedha kwa wakati, msingi wa taaluma nzima ya fedha, unaosema kwamba shilingi ya leo na shilingi ya mwakani haziwezi kujumlishwa mpaka moja ibadilishwe iwe ya wakati wa nyingine. Wanafunzi huijibu vizuri katika mtihani, ila si wengi wanaoitambua inapowajia imeandikwa kwa rangi kwenye bango la mtaani.

Ndiyo sababu mahali bora pa kujifunza fedha si lazima pawe jengo la ghorofa 20. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwaweka chini ya usimamizi wakopeshaji waliokuwa wakifanya kazi bila kuangaliwa na mtu, ikawagawa katika madaraja, kuanzia taasisi zinazopokea amana hadi vikundi vya kijamii kama VICOBA, na SACCOS, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, zikiwa na daraja lao. Pamoja na hayo, ile mikopo ambayo watu wameiita kausha damu imeendelea kuwapo, na afisa wa mkopeshaji mdogo aliyesajiliwa hukutana kila siku na wateja wanaokopa kwake ili walipe kwingine. Benki huuita mkopo chechefu ule ambao marejesho yake yamechelewa kwa siku 90 au zaidi, na Benki Kuu hukichukulia kiwango cha asilimia 5 ya mikopo yote kuwa ukomo unaovumilika, ukomo ambao sekta nzima ya benki iliwahi kuuvuka kwa mbali, mwaka 2017 na 2018 uwiano ukiwa umepita asilimia 10. Asilimia hiyo pia ina asili, kwa maana mkopo unaokaribia siku ya 90 unaweza kufanyiwa mpango mpya wa malipo na ukahesabiwa kuwa mzima, na uamuzi wa kufanya hivyo wakati mwingine hutokana na matumaini ya kweli juu ya mteja na wakati mwingine hutokana na ripoti ya robo mwaka inayokaribia.

Katika halmashauri mambo ni tofauti, na kalenda humpendelea mwanafunzi kwa namna ambayo vyuo havijaitumia vya kutosha. Mwaka wa fedha wa serikali huisha Juni 30, na hesabu za mwisho hupaswa kukamilika ndani ya miezi mitatu inayofuata ili zikabidhiwe kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Wanafunzi wa fildi huingia ofisini Julai au Agosti, wakati hasa ambapo vitabu vinafungwa na kila mtu anatafuta karatasi iliyopotea. Kila malipo yaliyopita katika mfumo wa ulipaji wa serikali, unaoitwa MUSE, lazima yawe na hati ya malipo, idhini ya mwenye mamlaka, risiti ya mashine ya kielektroniki ya kodi, na uthibitisho kwamba mali imepokelewa. Kimoja kikikosekana, malipo hayo hugeuka hoja ya ukaguzi, na hoja zikiwa nzito halmashauri hukosa hati inayoridhisha, ikapewa yenye shaka au isiyoridhisha, na habari zake zikasomwa redioni.

Hapo ndipo lalamiko kuu la wanafunzi, kwamba wamekwenda fildi wakaishia kubeba mafaili, linapohitaji kupimwa upya. Kila halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, utaratibu uliositishwa mwaka 2023 kwa sababu ya udhaifu wa usimamizi na marejesho, ukarudishwa mwaka uliofuata kwa masharti mapya. Mwanafunzi anayepewa kazi ya kuyapanga mafaili ya vikundi vilivyokopa, ikiwa atayafungua na kuyasoma badala ya kuyapanga tu, ana mikononi mwake mada nzuri kuliko nyingi zinazoandikiwa tasnifu: vikundi vya ukubwa gani hulipa, vipi vilisambaratika baada ya kupokea hundi, na kutokuwapo kwa riba kulibadilisha nini katika mwenendo wa mkopaji. Kubeba faili ni kazi bure kwa asiyelifungua. Na ni haki kuongeza kwamba zipo ofisi ambazo faili haliruhusiwi kufunguliwa, hasa benki, ambako siri ya mteja inalindwa na sheria na mwanafunzi hapewi nenosiri la mfumo, kwa hiyo hutazama skrini ya mwingine kwa wiki 8 kama abiria anayejifunza udereva kwa kukaa kiti cha nyuma.

Wazo la kuchanganya chuo na kazi ni la zamani kuliko vyuo vya Afrika Mashariki. Chuo cha ufundi cha Sunderland, kaskazini mwa England, kilianza mwaka 1903 kuwapokezanisha wanafunzi wa uhandisi kati ya darasa na kiwanda, na mwaka 1906 Herman Schneider alianzisha mpango wa namna hiyo katika Chuo Kikuu cha Cincinnati nchini Marekani kwa wanafunzi 27. Uingereza iliupa utaratibu huo jina la sandwichi, kwa kuwa kazi huwekwa katikati ya vipande viwili vya masomo, na leo shahada nyingi za uchumi na fedha huko hutolewa kwa njia mbili, ya miaka 3 bila kazi au ya miaka 4 ambayo mwaka wa tatu wote, kati ya miezi 9 na 12, mwanafunzi huutumia akiwa mfanyakazi wa kulipwa katika benki, kampuni ya bima, ofisi ya wakaguzi au wizara. Ujerumani ilikwenda mbali zaidi: mwaka 1974 jimbo la Baden-Württemberg, pamoja na kampuni kama Bosch na Daimler-Benz, lilianzisha vyuo ambavyo mwanafunzi huajiriwa kwanza na kampuni, hulipwa mshahara tangu siku ya kwanza, na hupokezana kati ya chuo na kazi kila baada ya miezi mitatu.

Mwaka huohuo wa 1974, mwezi Novemba, Halmashauri Kuu ya TANU, chama kilichotawala Tanzania Bara wakati huo, ilikutana Musoma na kupitisha azimio lililoichukulia falsafa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 kwa uzito wake wote: mwombaji wa chuo kikuu, baada ya kidato cha sita na jeshi la kujenga taifa, alitakiwa afanye kazi kwanza, kwa takriban miaka miwili, na aje na mapendekezo ya mahali pake pa kazi na ya chama. Sharti hilo lililegezwa baadaye, na lilikuwa na kasoro zake, sifa za utii zikichanganyika na sifa za kazi. Hata hivyo lilikuwa na hekima moja ambayo mfumo wa sasa umeipoteza, kwani aliyewahi kukaa nyuma ya kaunta ya benki kabla ya kusoma nadharia ya benki aliingia darasani na maswali, ilhali mwanafunzi wa leo huingia na majibu ya mtihani wa kidato cha sita, na maswali humjia fildi, wakati wa kuyauliza ukiwa umebaki mwaka mmoja.

Suala la gharama nalo haliwezi kupitwa. Mwanafunzi wa England anayekwenda kazini kwa mwaka mzima hulipwa na mwajiri, na ada anayotozwa na chuo kwa mwaka huo haiwezi kuzidi asilimia 20 ya kiwango cha juu cha ada ya kawaida. Mwanafunzi wa Dar es Salaam kwa kawaida halipwi na ofisi aliyopelekwa. Aliye na mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hupata fungu la mafunzo kwa vitendo pamoja na fedha ya kujikimu ambayo wanafunzi huiita bumu, na asiye na mkopo hutegemea nyumbani kwa nauli na chakula cha mchana. Matokeo yake ni kwamba mahali pa fildi huchaguliwa kwa kuangalia shangazi anaishi wapi kuliko kuangalia somo linahitaji nini, na anayejuana na mtu benki hupata benki. Waajiri, kwa upande wao, wanaweza kujibu kwamba wamekwisha kulipa, kwa sababu kila mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hutozwa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3.5 ya mishahara yote. Jibu hilo lina nguvu, ila halimfundishi mtu yeyote kusoma mizania.

Lililo zito zaidi, hata hivyo, ni muda. Wiki 8 zinatosha kuona namba ikizaliwa, na hilo si dogo, lakini hazitoshi kuona namba hiyo ikijaribiwa na maisha. Mwaka mzima wa kazi humpitisha mwanafunzi katika robo nne za hesabu, humkutanisha na wakaguzi waliorudi kuuliza alichokiandika miezi sita iliyopita, na humwonyesha makadirio yake mwenyewe yakikosea, jambo ambalo hakuna msimamizi anayeweza kumsimulia likamwingia kwa kiasi hicho. Vyuo vya Tanzania vinavyopitia upya mitaala yake, kazi ambayo mradi wa HEET wa Benki ya Dunia na serikali umeigharimia tangu mwaka 2021, vimehimizwa kuwakaribisha waajiri kwenye meza ya kupanga masomo. Swali ambalo waajiri hao wangeweza kulibeba kwenye meza hiyo si mada gani iongezwe, bali kama mwanafunzi mmoja anaweza kurudishwa ofisi ileile likizo mbili mfululizo, akafungue faili alilolifunga.

Kwa jinsi mambo yalivyo sasa, mkopo wa mama lishe, kama ulitolewa mwanzoni mwa Agosti, utakuwa umelipiwa rejesho moja, pengine mawili, siku mwanafunzi anapokabidhi daftari lake la kumbukumbu lisainiwe na kupigwa muhuri. Marejesho 10 au 11 yaliyobaki, yale yanayopita katika ada za shule za Januari, mvua za masika, na mwezi wa Ramadhani ambao vibanda vingi vya chakula hufungwa mchana, yataonwa na mtu mwingine.